Vyombo vya Fedha vya Roma: Akiba Iliyotiwa Nakshi

Hotuba hii ilitolewa Mombasa mbele ya mafundi sonara, wanafunzi wa sanaa na wapenzi wa vitu vya kale. Imepunguzwa kidogo pale ilipotegemea picha zilizokuwa zikioneshwa ukutani.

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na nyinyi wanangu mliojazana nyuma ilhali viti vya mbele vitupu: asalaam aleikum, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie vyombo vya fedha vya Italia vya nusu ya pili ya karne ya 18, vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya makabaila, makardinali na wafalme, kwa mtindo ule wa kurudia Wagiriki na Warumi wa kale. Nitakaa zaidi Roma, na ndani ya Roma nitakaa zaidi katika karakana moja. Napoli na Genoa nitapita mbio. Venezia sitafika kabisa.

Nianze na jambo ambalo makumbusho nyingi hazimwambii mgeni. Lile birika la kahawa lililowekwa ndani ya kabati la kioo, taa ikilimulika kutoka juu, mwenyewe hakuliona kama mchongo wa sanaa tu. Lilikuwa akiba yake. Kabaila wa Roma alipompa sonara fedha amtengenezee bakuli la supu na vinara viwili, hakuhesabu kwamba ametumia mali. Aliihesabu kwamba ameihamisha: jana ilikuwa sandukuni ikiwa sarafu, leo iko mezani ikiwa na miguu ya simba. Siku mambo yakimkalia vibaya, vyombo vile vinapelekwa rehani. Roma ilikuwa na nyumba kubwa ya rehani tangu karne ya 16, Monte di Pietà, na si maskini peke yao waliokwenda kubisha hodi pale. Mambo yakizidi ubaya, vyombo vinapelekwa kufuliwa sarafu, na fedha inarudi ilikotoka.

Ndiyo maana hesabu ya sonara wa zama zile iliandikwa kwa sehemu mbili. Kwanza uzito wa fedha, kisha ujira wa kazi. Uzito ni mali ya mteja na hauna ubishi: mizani imesema. Ujira ndio unaobishaniwa, unaopunguzwa, unaocheleweshwa mwaka hadi mwaka. Na chombo kikiyeyushwa, uzito unabaki karibu wote, ujira unapotea wote. Shikeni hilo, kwa sababu karibu kila nitakalosema jioni hii linatoka hapo.

Watu wa pwani hii hawahitaji kufundishwa habari hiyo kwa mifano ya ugenini. Bibi zetu waliijua reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ile yenye mwaka 1780 juu yake, gramu 28 hivi, fedha sehemu 833 katika elfu. Ilizunguka Bahari ya Shamu, Omani, Zanzibar na bara, na masonara waliiyeyusha wakafua vikuku na mitali, na mwaka wa shida vikuku vikauzwa kwa uzito. Sasa tazameni jinsi dunia ilivyo ndogo. Yule mama mnene aliyechorwa kwenye reale alikuwa na binti aitwaye Maria Carolina, na mwaka 1768 binti huyo aliozwa kwa Ferdinand, mfalme wa Napoli. Watoto wengine wa mama huyohuyo walitawala Toscana na Milano. Reale zenyewe, kwa nyakati mbalimbali, zilifuliwa pia Milano na Venezia. Kwa hiyo fedha iliyoning'inia kwenye mikono ya bibi zetu, na fedha iliyowekwa mezani kwa malkia wa Napoli, hazikuwa na umbali mkubwa kama mnavyodhani.

Mtindo wenyewe ulitoka ardhini. Mwaka 1738 watu wa mfalme wa Napoli walianza kuchimba Herculaneum, na mwaka 1748 wakaanza Pompeii, miji iliyofunikwa na mlima Vesuvio mwaka 79. Waliyokuta humo hayakuwa mahekalu tu. Walikuta jikoni, vitanda, taa, mizani, na vyombo vya mezani vya watu waliokufa zaidi ya miaka 1600 kabla. Kuanzia 1757 serikali ya Napoli ikaanza kuchapisha vitabu vikubwa vyenye michoro ya vitu hivyo. Roma kwenyewe alikuwapo Mjerumani Winckelmann, aliyefika 1755 na ambaye kitabu chake cha 1764 juu ya sanaa ya kale kiliwafanya wasomi wa Ulaya nzima waone haya kwa michirizi na makombe ya bahari yaliyokuwa yamejaa kwenye vyombo vyao. Na alikuwapo Piranesi, aliyechapisha mwaka 1769 michoro ya mapambo ya mahali pa moto, fanicha, saa na vyombo, akichanganya Misri, Etruria (nchi ya kale ya Italia) na Roma bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi Piranesi namwamini zaidi kuliko Winckelmann. Winckelmann alitaka utulivu. Piranesi alijua kwamba mteja anayelipa anataka pia kushtuliwa kidogo.

Basi ile mikunjo ya zamani, iliyopinda kama mawimbi, ikatoka. Ikaingia mistari iliyonyooka. Birika likachukua umbo la mtungi wa Kigiriki. Ukingoni pakapangwa punje mfululizo kama ushanga. Shingoni pakafungwa shada la majani ya mlaureli, likashikiliwa na vichwa vya kondoo dume. Mwili ukachorwa mifereji ya kusimama kama ya nguzo ya hekalu. Mkionyeshwa chombo mkaona kichwa cha kondoo dume, ushanga na mifereji pamoja, mmeshakaribia miaka ya 1770 na 1780.

Hapo kuna kitu kinachosahauliwa. Fedha ya vyombo hivi vipya ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye vyombo vya zamani vya nyumba hiyohiyo. Babu alinunua sinia lenye makombe na mawimbi. Mjukuu ameona limepitwa na wakati. Sinia linapelekwa kwa sonara, linapimwa, linayeyushwa, linarudi likiwa na mistari iliyonyooka. Watu humlaumu Napoleon kwa kuangamiza fedha ya Italia, na nitamfikia, lakini adui wa kwanza wa vyombo vya babu alikuwa mjukuu.

Sasa karakana. Mwaka 1720 hivi, Mfaransa mmoja, Andrea Valadier, alihamia Roma akafungua kazi ya usonara. Mwanawe Luigi alizaliwa hapo hapo Roma mwaka 1726. Alikwenda Paris kujiongezea ujuzi, akarudi, na baba alipofariki mwaka 1759 akaishika karakana. Baadaye aliihamishia via del Babuino, mtaa unaotoka Piazza di Spagna, mahali ambapo wageni matajiri kutoka Uingereza, Ujerumani na Urusi walikuwa wakipanga vyumba. Masonara wengi wa Roma walikuwa mtaa mwingine, via del Pellegrino, wakiwa na kanisa lao la chama, Sant'Eligio. Valadier akaenda kukaa njiani kwa mteja. Mfanyabiashara yeyote wa Biashara Street anaielewa akili hiyo.

Wateja wake walikuwa na majina ambayo Roma nzima iliyajua: Borghese, Chigi, Odescalchi, na Papa Pius VI mwenyewe, ambaye alimpa cheo cha heshima cha ukavalieri. Marcantonio IV Borghese alikuwa akiipamba upya nyumba yake ya mjini na ile ya bustanini, na Valadier alimfanyia kila kitu: fedha, shaba nyeusi, meza za mawe ya thamani. Ukienda leo Galleria Borghese utaona sanamu ya Bakusi, kichwa cha shaba nyeusi juu ya nguzo ya alabasta, kazi yake ya mwaka 1773. Naitaja ingawa si chombo cha mezani, ili mjue kwamba hakuwa sonara wa vijiko tu. Alikuwa mtu wa kuunganisha metali na jiwe, na hiyo ndiyo iliyomtofautisha na wenzake.

Mafundi wenzangu watataka kujua ilivyofanyika, na wanafunzi pia wanapaswa kujua, kwa hiyo tulichukue birika la kahawa tulivunjevunje.

Fedha tupu ni laini mno, kwa hiyo inatiwa shaba kidogo ili ijiweze. Bamba la duara linawekwa juu ya fuawe na kupigwa nyundo kwa mzunguko, kutoka katikati kwenda nje, polepole linapanda na kuwa ukuta. Fedha ikipigwa inakaza, ukiilazimisha itapasuka. Basi inarudishwa motoni mpaka iwe nyekundu ya kufifia, inazimwa majini, inalainika, inapigwa tena. Birika moja linapita motoni mara nyingi. Kisha linajazwa lami ya moto, ikiganda inashikilia ukuta kwa ndani, na fundi anachora majani na mashada kwa tindo butu, asikate bali asukume. Hapo ndipo mkono unapojulikana. Jani la mlaureli lililochorwa vizuri lina mshipa katikati, na kila jani limelala juu ya mwenzake kama lilivyo kwenye mti. Jani la fundi mvivu ni umbo moja lililogongwa mara arobaini.

Mdomo wa birika, vichwa vya kondoo, miguu, hivyo havifuliwi. Vinachongwa kwa nta, vinafunikwa kwa udongo, nta inayeyuka na kutoka, fedha inamiminwa mahali pake. Kisha vinalehemiwa. Mpini ni wa mti, na hapa hakuna anasa: fedha inapitisha moto upesi kuliko metali yoyote nyingine, na mpini wa fedha tupu ungemuunguza mpishi kahawa. Birika la chokoleti mtalitambua kwa tundu juu ya kifuniko, la kupitishia kijiti cha kukorogea, kwa sababu chokoleti ya zama zile ilituama chini isipokorogwa.

Vipako vya dhahabu juu ya fedha vilifanywa kwa zebaki. Dhahabu inachanganywa na zebaki mpaka iwe kama uji mzito, inapakwa juu ya fedha, chombo kinawekwa motoni, zebaki inapaa kwa mvuke na dhahabu inabaki imeng'ang'ania. Mvuke huo ndio aliouvuta fundi. Mikono ikaanza kutetemeka, meno yakalegea, akili ikachanganyikiwa. Mkiona kidau cha chumvi cha fedha kilichopakwa dhahabu kwa ndani, jueni sababu yake ni ya jikoni kabisa: chumvi inaila fedha, dhahabu inaikinga. Kijiko cha yai nacho vivyo hivyo, kwa kuwa salfa iliyomo ndani ya yai inaigeuza fedha kuwa nyeusi kabla kifungua kinywa hakijaisha. Kulikuwa na mtu aliyepoteza meno yake ili kijiko cha yai cha mtu mwingine kisiwe cheusi. Naomba msilipite jambo hilo haraka kwa sababu tu kijiko ni kizuri.

Kazi iliyompatia Valadier sifa Ulaya nzima ilikuwa ile Waitalia waliyoiita deser. Msidhani ni chakula. Chakula kikuu kikishaondolewa, matunda na vitamu vikiletwa, katikati ya meza ndefu kulipangwa jukwaa, na juu ya jukwaa mji mzima wa Roma ya kale kwa kimo cha mkono: matao ya ushindi, mahekalu, nguzo, obeliski, uwanja wa mbio za magari ya farasi. Vyote kwa mawe halisi, porfiri, akiki, alabasta, lazuli, na shaba nyeusi iliyopakwa dhahabu. Mgeni aliyekaa pale alikuwa ametembea mchana kati ya magofu yenyewe, na usiku anayaona mazima, yanang'aa, baina yake na sahani ya matunda.

Aliyeagiza deser maarufu zaidi alikuwa Breteuil, Mfaransa, balozi wa Jumuiya ya Malta (chama cha mashujaa wa Kikatoliki) mjini Roma. Alikuwa mtu wa kukusanya vitu, na kama wakusanyaji wengi alikuwa pia mtu wa kuviuza. Deser moja ilikwenda kwa Catherine II, malkia wa Urusi. Nyingine iko Madrid. Mimi naona Breteuil ndiye aliyeielewa karakana ile kuliko makabaila wote wa Roma, kwa sababu alijua kwamba thamani yake iko kwenye ujira na si kwenye uzito. Huwezi kuiyeyusha porfiri ukapata sarafu. Deser ni kitu ambacho kikiharibiwa hakimlipi mtu yeyote, na nadhani ndiyo sababu moja kubwa zile deser zipo hadi leo.

Lakini Valadier mwenyewe? Aliajiri watu wengi. Alinunua mawe, shaba, dhahabu. Wateja wake walilipa kwa mafungu, walilipa kwa kuchelewa, na baadhi walihitaji kukumbushwa kwa adabu, na kumkumbusha kabaila adabu haitoshi na kukosa adabu hairuhusiwi. Mwaka 1785 alikuwa na kazi kubwa ya namna nyingine: kumimina kengele kuu ya kanisa la Mtakatifu Petro, shaba nyeusi ya tani 9 hivi. Tarehe 15 Septemba mwaka huo alijitupa mto Tiber akafa. Wanahistoria wanahusisha kifo chake na madeni, wengine wanaongeza hofu ya kengele ile. Kengele ilimalizwa na mwanawe Giuseppe, ambaye baadaye akawa msanifu majengo mashuhuri. Ndiye aliyeipanga Piazza del Popolo kama mnavyoiona kwenye picha. Kengele bado inalia.

Nimesoma maandishi yanayoieleza habari hiyo kana kwamba ni msiba wa msanii mwenye moyo mwepesi. Siyakubali. Kwa hesabu za kawaida, sonara ndiye aliyekuwa akimkopesha kabaila. Nyumba yenye maelfu ya ekari na mapato ya mashamba ilikaa na vyombo mezani, ikala ndani yake, ikawaalika mabalozi wavione, na fundi akabaki na karatasi. Mafundi mliomo humu mnaocheka, nawaona. Najua mnamfikiria nani.

Miaka kumi na mmoja tu baada ya kifo chake, jeshi la Ufaransa chini ya Jenerali Napoleon Bonaparte likaingia kaskazini mwa Italia. Juni 1796, huko Bologna, Papa akakubali kusitisha vita kwa masharti ya kulipa livre za Kifaransa milioni 21 na kutoa kazi za sanaa 100. Mambo yakavunjika, na Februari 19, 1797 ukatiwa saini mkataba wa Tolentino, malipo yakaongezeka. Sanamu ya Apollo na ile ya Laocoön zikapandishwa magari kwenda Paris, na hilo kila mtu analisimulia. Lisilosimuliwa sana ni kwamba mamilioni yale hayakuwapo. Dola ya Papa ikazigeukia nyumba na makanisa ikataka fedha na dhahabu zao, na vyombo vikaingia kwenye kalibu kwa makasha. Vya miaka ya 1770, vya karne ya 17, vyote, bila kuuliza nani alivichora. Mizani haiulizi.

Apollo na Laocoön zilirudi Roma baada ya Napoleon kushindwa. Bakuli la supu lililoyeyushwa halirudi.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini vyombo vya fedha vya Roma vya enzi hiyo ni adimu kuliko vya London, jibu halihusu ubora. Jibu ni kwamba London haikuingiwa na jeshi. Na ukitaka kujua vilivyobaki vilibaki vipi, angalia mahali vilipokuwa. Katika miaka ya 1760 na mwanzoni mwa 1770 Valadier alitengeneza altare ya fedha kwa ajili ya kanisa kuu la Monreale, juu ya mji wa Palermo, pamoja na sanamu za watakatifu na vinara. Ipo mpaka leo. Sicilia ni kisiwa, manowari za Uingereza zilikilinda, na Wafaransa wa Napoleon hawakukitawala. Hata Maria Carolina, yule binti wa mama wa reale, alikimbilia huko na mumewe Desemba 1798 ndani ya meli ya Nelson, amiri wa Uingereza. Napoli kwenyewe, hazina ya Mtakatifu Gennaro, na sanamu zake za fedha nyingi, ilinusurika, na haikuwa mali ya askofu wala ya mfalme: ilikuwa chini ya baraza la raia wa mji, ambalo mpaka sasa ndilo linaloisimamia. Vingine vilinusurika kwa sababu vilikuwa vimeshauzwa nje. Mara chache utakuta chombo kilichobaki kwa sababu mtu alikipenda tu. Nimevitafuta hivyo kwa bidii kuliko vyote.

Michoro ya karakana nayo ilibaki, mingi yake iko mji wa Faenza. Humo utaona mabirika, vinara na meza ambazo hazipo tena duniani. Mwaka 2018 makumbusho ya Frick ya New York yalifanya maonesho makubwa ya Luigi Valadier, na mwaka uliofuata Galleria Borghese ikafanya ya kwake. Ilichukua zaidi ya karne mbili fundi huyu kupewa ukumbi wa peke yake, na sishangai, kwa kuwa jina linalotajwa juu ya chombo huwa la mwenye nacho.

Nimalizie kwa upande wa kazi, maana najua wapo humu wanaonunua na wapo wanaoletewa vitu vya urithi wa familia kutoka Ulaya wavikadirie.

Tazama mhuri kabla hujatazama uzuri. Roma ya Papa ilipiga funguo mbili zilizopishana chini ya mwavuli, na pembeni mhuri wa fundi. Napoli ilipiga herufi NAP chini ya taji, na tarakimu tatu za mwaka. Genoa ilipiga mnara mdogo na mwaka. Mhuri wa kweli umepigwa kabla ya kazi kumalizika, kwa hiyo umelika na kusuguliwa sawa na sehemu zinazouzunguka. Ukiukuta mkali na mpya katikati ya chombo kilichochakaa, weka chombo chini ukanywe maji kwanza. Wapo pia wanaokata mhuri wa kweli kwenye kijiko kibovu na kuulehemu chini ya sinia jipya. Chombo kikipashwa pumzi ya mdomo, mstari wa lehemu hujitokeza kwenye ukungu kwa sekunde mbili tatu.

Pumzi hiyohiyo itakuonyesha nembo iliyofutwa. Nyumba ilipofilisika, mnunuzi mpya hakutaka kula juu ya nembo ya mtu mwingine. Ikakwanguliwa, ikachorwa ya kwake au ikaachwa wazi. Bonyeza hapo kwa kidole gumba, taratibu. Fedha ikikubali kuingia kidogo, pamekwanguliwa. Kwa uma msitafute nembo upande wa juu: Ulaya ya bara waliulaza uma mezani meno yakitazama chini, kwa hiyo nembo iko mgongoni. Muuzaji atakayekwambia uma hauna nembo huenda hajui kuugeuza.

Na tafadhali, msisugue. Kila unaposugua unaondoa fedha, na unaondoa kwanza pale fundi alipoweka kazi yake: mshipa wa jani, pua ya kondoo, ukingo wa ushanga. Weusi ulioganda kwenye mifereji uacheni. Unasaidia mchoro usomeke. Nimeona vyombo ambavyo Wafaransa waliviacha salama na watumishi wa nyumba wakavimaliza kwa kitambaa na unga wa kusugulia katika miaka mia mbili iliyofuata.

Kuna meza pale pembeni, karibu na dirisha. Nimepanga picha kubwa za mihuri, na vijiko vichache ambavyo mnaruhusiwa kuvishika. Viwili kati yake vina kasoro nilizozitaja, na sitasema ni vipi. Vijana waanze na Napoli, kwa sababu tarakimu za mwaka zinasomeka hata bila kioo cha kukuzia. Mafundi wakubwa nendeni moja kwa moja kwenye funguo na mwavuli, tubishane.